Chembe yenye chaji, sumaku na kasi ya mwanga: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na jioni hunijia pia vijana wa mwaka wa kwanza wa UDOM na madaftari yao. Kila mwaka, tukifika kwenye chembe inayokatisha uga wa sumaku kwa kasi kubwa mno, maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake ili anayekwama usiku wa kuamkia pepa asilazimike kunisubiri. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa huko ndiko watu wanakopotea. Mengine yanatosheka na mistari miwili.

Mwalimu, sumaku inaiongezea chembe kasi au haiiongezei?

Haiiongezei hata kidogo. Kani ya sumaku hukaa pembeni ya mwendo, kwa nyuzi 90 kamili, kila wakati. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi, anakimbia huku kamba imekaza. Kamba inamvuta kuelekea kigingini, kwa hiyo njia yake inakuwa duara, lakini mbio ni zake mwenyewe. Kamba haimsukumi mbele wala haimrudishi nyuma.

Anayeongeza kasi ni uga wa umeme. Katika kila mashine utakayokutana nayo kazi zimegawanywa hivyo: umeme unasukuma, sumaku inakunja.

Kama sumaku haibadilishi kasi, basi rilativiti, nadharia ya Einstein ya mwendo wa kasi kubwa, inaingilia wapi?

Inaingilia kwenye ugumu wa kukunjwa. Kani ni qvB (q ni chaji, v ni kasi, B ni nguvu ya uga wa sumaku), chembe iwe inatambaa au inakaribia kasi ya mwanga. Fomula hiyo haikuguswa na Einstein wala na mtu mwingine baada yake. Kilichobadilika ni momenta. Tulizoea kuandika p = mv (tungamo mara kasi), nayo ilitosha kwa sababu mawe, mipira na magari yetu yanakwenda taratibu sana. Momenta yenyewe ni p = γmv, ambapo gama (γ) ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 − v²/c²), yaani mzizi wake; c ni kasi ya mwanga.

Tazama gama inavyopanda. Kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga ni 1.005, huwezi hata kuiona. Kwa asilimia 60 ni 1.25. Kwa asilimia 99 inafika 7.09, na kwa asilimia 99.99 inapita 70. Kasi imeongezeka kwa asilimia moja tu kutoka hatua ya tatu hadi ya nne, lakini momenta imekuwa mara kumi.

Nusu kipenyo cha njia ni r = p ÷ (qB). Hii ndiyo ninayowaomba wanafunzi waishike, kwa sababu ni kweli kwa kasi zote bila kubadilisha herufi hata moja. Ukiweka p = mv umejifungia kwenye mwendo mdogo. Ukiweka p = γmv uko salama popote. Muda wa kuzunguka mara moja nao unakuwa T = 2πγm ÷ (qB): gama ikipanda, mzunguko unachukua muda mrefu zaidi.

Naomba hesabu moja nione tofauti kwa macho.

Chukua elektroni yenye nishati ya mwendo ya MeV 6 (MeV 1 ni nishati ambayo elektroni hupata ikisukumwa na volti milioni moja). Hiyo ni nishati ya kawaida kwenye mashine za linac za kutibu saratani kwa mionzi, kama zile za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ipitishe kwenye uga wa tesla 0.5. Uga huo nimeuchagua mwenyewe kwa ajili ya hesabu.

Kwa njia ya zamani, nishati ya mwendo ni nusu ya mv². Tungamo la elektroni ni sawa na nishati ya MeV 0.511. Ukikokotoa utapata nusu kipenyo cha sentimita 1.65, na jibu linaonekana zuri kabisa. Sasa tafuta kasi kwa fomula hiyo hiyo: karibu mara 4.8 ya kasi ya mwanga. Mwaka jana nilitoa swali hili darasani, na zaidi ya nusu waliandika kasi hiyo, wakapigia mstari jibu, wakageuza ukurasa. Niliumia kuliko ningeumia kwa kosa la kujumlisha, kwa sababu namba ile ilikuwa inapiga kelele.

Kwa njia sahihi, nishati yote ni 6 + 0.511 = MeV 6.511. Momenta ukiizidisha kwa c ni mzizi wa (6.511² − 0.511²), yaani MeV 6.49. Nusu kipenyo kinatoka sentimita 4.3, gama ni 12.7, na kasi ni asilimia 99.7 ya kasi ya mwanga. Sentimita 1.65 dhidi ya 4.3. Katika linac nyingi kubwa ndani ya kichwa cha mashine mna sumaku inayoikunja miale ya elektroni ili ielekee kwa mgonjwa. Mhandisi aliyetumia hesabu ya kwanza miale yake ingegonga ukuta wa bomba.

Kwa hiyo tungamo linaongezeka? Kitabu changu kinasema hivyo.

Vitabu vingi vinasema hivyo, na mtahini hatakunyima alama ukiandika. Lakini mimi sifundishi hivyo, na nitakueleza sababu.

Mwaka 1901 Walter Kaufmann, huko Ujerumani, alipitisha elektroni za kasi kutoka kwenye radiamu katika uga wa umeme na wa sumaku kwa pamoja. Akakuta kwamba kadiri zinavyokwenda kasi ndivyo zinavyokataa kukunjwa, kama vile tungamo limekua. Einstein alikuwa bado hajaandika kitu. Alipoandika mwaka 1905, gama yake ilieleza jambo hilo, na vipimo vya Alfred Bucherer vya mwaka 1908 vikaelemea upande wake. Lugha ya "tungamo linalokua" ikabaki kama urithi wa siku zile.

Shida yake ni hii. Ukijaribu kuisukuma chembe kwa mbele, ugumu wake ni γ³m. Ukiisukuma kwa pembeni, kama sumaku inavyofanya, ugumu ni γm. Tungamo gani hilo lenye thamani mbili kwa wakati mmoja, kutegemea unasukumia upande gani? Ni afadhali kusema tungamo ni moja, la chembe yenyewe, na gama ni mali ya momenta.

Wengine huwaeleza wanafunzi kwa mfano wa lori na bodaboda kwenye kipilefti: lori lililojaa linahitaji kani kubwa zaidi kukata kona kwa kasi ile ile. Mfano unasaidia kwa dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo ukumbuke kwamba lori lina mzigo ndani. Elektroni haijapakia chochote.

Na chaji nayo inabadilika kwa kasi?

Hapana. Ushahidi wake unao nyumbani. Ukitia mkaa kwenye pasi, elektroni za chuma na viini vyake vinachangamka kwa viwango tofauti. Kama chaji ingefuata kasi, pasi ya moto ingejaa chaji na kukurusha kila unaponyoosha shati. Haijawahi kumtokea mtu.

Kwa nini saiklotroni, mashine ya kuzungusha chembe na kuiongezea nishati, inafikia kikomo?

Ernest Lawrence aliijenga ya kwanza Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndogo kiasi cha kukaa kiganjani, kipenyo cha sentimita 11 hivi. Mwaka 1939 akapewa Nobeli. Uzuri wake wote ulitegemea jambo moja: katika mwendo mdogo, T = 2πm ÷ (qB), haina kasi ndani yake. Chembe ya polepole inazunguka duara dogo, ya haraka inazunguka duara kubwa, na zote zinamaliza kwa muda ule ule. Kwa hiyo unaweza kubadilisha uelekeo wa umeme kwa mpigo usiobadilika, na kila mara chembe inapofika kwenye pengo inakuta umeme unaisukuma mbele.

Kisha gama inaingia. Katika uga wa tesla 1.5, protoni ya polepole inazunguka karibu mara milioni 22.9 kwa sekunde. Ikifika MeV 20, gama ni 1.021, na idadi hiyo imepungua kwa asilimia 2. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini ucheleweshaji unarundikana. Ukichelewa asilimia 2 kila mzunguko, baada ya mizunguko 25 umechelewa nusu ya mzunguko mzima, na sasa unafika pengoni umeme ukiwa umegeuka. Mkono uliokuwa unakusukuma unakurudisha.

Elektroni ni mbaya zaidi. Kwa kuwa tungamo lake ni MeV 0.511 tu, MeV 1 inatosha kuifikisha gama karibu 3. Ndiyo maana hutasikia saiklotroni ya kawaida ya elektroni.

Watu walitafuta njia tatu za kutoka. Ya kwanza, punguza mpigo wa umeme kadiri chembe inavyopata nishati. Ya pili, ifanye sumaku iwe na nguvu zaidi kuelekea ukingoni ili B ikue sambamba na gama. Llewellyn Thomas alionyesha mwaka 1938 namna ya kufanya hivyo bila chembe kutawanyika juu na chini, na saiklotroni nyingi za hospitali duniani leo zinafuata njia hiyo. Ya tatu ndiyo iliyofungua dunia: acha duara liwe moja tu, na upandishe B na mpigo kwa pamoja wakati chembe inaendelea kupata momenta. Vladimir Veksler aliifikiria mwaka 1944 na Edwin McMillan mwaka 1945, kila mmoja peke yake. Hiyo ndiyo sinkrotoni.

Kwa nini ile mashine ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ni kubwa kiasi kile?

Mzingo wake ni kilomita 26.7. Barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma ni kilomita 112.3, kwa hiyo pete ya CERN ni kama robo ya barabara hiyo, imechimbwa chini ya ardhi kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

Sumaku zake za kukunja ziko 1,232, zimepozwa hadi kelvini 1.9, na zimebuniwa kufikia tesla 8.33 kwa protoni za TeV 7 (TeV 1 ni MeV milioni moja). Gawanya p kwa qB upate nusu kipenyo cha kilomita 2.8. Sehemu iliyobaki ya pete ni njia zilizonyooka na vifaa vingine. Sasa jaribu fomula ya zamani: itakupa mita 46. Duara zima lingekuwa na kipenyo cha mita 92, fupi kuliko urefu wa uwanja wa mpira, na ungemaliza ujenzi pale Jamhuri. Protoni hizo kwa fomula hiyo zingekuwa zinakwenda mara 122 ya kasi ya mwanga. Kila kilomita ya handaki lile imechimbwa kwa sababu ya gama, ambayo kwa TeV 7 ni karibu 7,460.

Nikipanda juu ya chembe, kwangu mimi imesimama. Kani ya sumaku inahitaji mwendo. Basi nani anaikunja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na mwanafunzi akiliuliza najua ameanza kufikiri kama mwanafizikia. Einstein mwenyewe alifungua makala yake ya mwaka 1905 kwa jambo la jamii hii: sumaku na waya, mmoja akisogea na mwingine akisimama.

Jibu ni kwamba ukihama kutoka maabara kwenda kwenye chembe, hauhami na uga ule ule mkononi. Mtu wa maabara anaona uga wa sumaku peke yake. Wewe uliyepanda juu ya chembe unaona uga wa sumaku mkubwa zaidi, γB, lakini haukuhusu kwa kuwa umesimama. Pamoja nao unaona uga wa umeme wa ukubwa γvB, na huo ndio unaokusukuma pembeni. Mmoja anaita sumaku, mwingine anaita umeme, na wote wawili wanaona chembe imepinda.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzuri vile vile. Chukua waya wenye mkondo. Una elektroni zinazosogea na ioni (atomi zilizobaki na chaji chanya) zilizotulia, na kwa jumla hauna chaji. Sasa kimbia sambamba na waya kwa kasi ya elektroni zile. Kwako zimesimama na ioni ndizo zinazokimbia, na kitu kinachokimbia hufupika kwa upande wa mwendo. Ioni zinaonekana zimebanana zaidi, elektroni zimeachana zaidi, na waya una chaji chanya. Kama wewe ni elektroni, utavutwa. Mtu aliyesimama ataita mvuto huo "kani ya sumaku kati ya mikondo miwili".

Elektroni kwenye waya wa nyumbani zinasogea kwa chini ya milimita moja kwa sekunde. Uwiano wa kasi hiyo na ya mwanga, ukiuzidisha kwa wenyewe, ni kama sehemu moja katika 10²³, na hicho ndicho kipimo cha kufupika huko. Kinachookoa ni wingi: mita moja ya ujazo ya shaba ina elektroni huru zaidi ya 8 × 10²⁸. Mashine ya kusaga ya umeme pale Majengo, inayosaga uwele na mtama wetu, inazungushwa na tofauti hiyo ndogo. Nikiwaambia vijana hivyo wananitazama kwa mashaka, nami huwapa karatasi wakokotoe.

Nyaya za treni ya SGR zina kilovolti 25. Elektroni humo zinafikia kasi kubwa?

Hapana. Zinagongana na atomi za waya muda wote, na hakuna hata moja inayopata nafasi ya kukimbia. Ndani ya ombwe ni habari nyingine: kilovolti 25 hizo hizo zinaifikisha elektroni asilimia 30 ya kasi ya mwanga.

Kama sumaku haipunguzi nishati, kwa nini elektroni kwenye pete inaishiwa nguvu?

Kwa sababu chaji inayopindishwa hutoa mwanga, na mwanga huo unalipiwa na nishati ya chembe. Hii inaitwa nuru ya sinkrotoni, na ilionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1947 kwenye mashine ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Kwa nusu kipenyo kile kile, nguvu yake inakua kwa gama mara nne yenyewe kwa yenyewe, γ⁴. Kwa nishati ile ile elektroni ina gama mara 1,836 ya protoni, hivyo inapoteza zaidi ya mara trilioni kumi. Katika handaki lile la CERN ilikaa kwanza mashine ya elektroni, LEP, kuanzia 1989 hadi 2000. Ilipofika GeV 104 (GeV 1 ni MeV elfu moja), kila elektroni ilikuwa inapoteza zaidi ya GeV 3 kwa mzunguko mmoja.

Hasara hiyo imegeuzwa kuwa faida. Nuru yake ni kali na nyembamba, na hutumika kuchunguza dawa, madini, udongo na protini. Jordan wana mashine ya SESAME iliyozinduliwa 2017. Bara letu halina hata moja, na watafiti wetu hulazimika kusafirisha sampuli nje. Jambo hili linaniuma, na ninalisema darasani kila mwaka bila kuchoka.

Angani nuru hiyo imejaa. Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, inang'aa nayo, kuanzia redio hadi eksirei. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa eksirei za angani ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa nchi hiyo. Ikaitwa *Uhuru*. Neno letu limo kwenye orodha za vyanzo vya eksirei hadi leo.

Rilativiti inasema muda wa kitu kinachokwenda kasi hurefuka. Kuna mtu amelipima jambo hilo kwenye sumaku kweli?

Ndiyo, na ni kipimo kisafi sana. Muoni, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi na isiyodumu, ikiwa imetulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2. Miaka ya 1970 CERN walizifungia muoni kwenye pete ya sumaku ya kipenyo cha mita 14, kwa gama 29.3. Matokeo ya 1977 yalionyesha zinaishi mikrosekunde 64 hivi. Zidisha 2.2 kwa 29.3 uone mwenyewe. Na muoni zile zilikuwa zinapindishwa kwa mchapuko usiofikirika, lakini muda wao ulifuata gama peke yake.

Haya yote yako Ulaya na Marekani. Hapa Dodoma yanatokea?

Yanatokea juu ya kichwa chako sasa hivi. Uga wa sumaku wa Dunia hapa kwetu ni mikrotesla 30 na kitu, mdogo sana, lakini umetanda maelfu ya kilomita angani. Weka protoni yenye momenta ya GeV 10 katika mikrotesla 30: nusu kipenyo chake ni kilomita 1,100 hivi. Kwa hiyo protoni nyingi zinazotoka anga za mbali zikielekea maeneo ya karibu na ikweta zinageuzwa kabla ya kufika. Zinazopenya kwetu ni zile zenye gama kubwa, zilizo ngumu kukunjwa. Karibu na ncha za Dunia zinafuata mistari ya uga na kushuka hata zikiwa dhaifu. Ndiyo maana taa za angani (aurora) zinaonekana Norwei na hazionekani Kondoa.

Bruno Rossi, mwanafizikia wa Italia, alikwenda Asmara, Eritrea, mwaka 1933 akapima mionzi hii ya chembe za anga za mbali. Akakuta inayotoka magharibi ni mingi kuliko ya mashariki. Kutokana na upande huo peke yake ilijulikana kwamba chembe zinazofika zina chaji chanya kwa wingi wao.

Naweza kujaribu chochote nyumbani?

Kama mna TV ya chogo inayofanya kazi, na iwe ya picha nyeusi na nyeupe tu, chukua sumaku ya spika iliyokufa na uisogeze taratibu mbele ya kioo. Picha itapinda. Geuza sumaku, itapinda upande mwingine. Ya rangi usiiguse na sumaku, rangi zitachafuka na huenda zisirudi.

Elektroni za TV ya rangi husukumwa kwa kilovolti 25 hivi, gama 1.05. Nusu kipenyo cha njia yao kinatofautiana na hesabu ya zamani kwa asilimia 1.2. Kwa doa lililo sentimita 20 kutoka katikati ya kioo, hiyo ni milimita 2 hivi. Watu waliangalia taarifa ya habari kwa miaka mingi na milimita hizo mbili zilikuwemo.

Usifungue nyuma yake, hata ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Bomba la picha linaweza kubaki na maelfu ya volti kwa muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Sumaku inafanya kazi yake vizuri ikiwa mbele.